Bastola fupi: nani aliikata, na kwa amri ya nani?

Mama yangu alitusomesha kwa cherehani ya Singer, ile nyeusi yenye maandishi ya dhahabu na pedeli ya chuma. Jina hilo nililitambua kwa macho kabla sijaanza shule. Kwa hiyo miaka mingi baadaye, huku Pennsylvania ninakoishi sasa, mzee mmoja mkusanyaji wa silaha za kale aliponiambia kwamba bastola ya kijeshi ya Marekani inayosakwa kuliko karibu zote ilitoka kiwanda cha Singer, nilidhani nimesikia vibaya. Akafungua kabrasha la picha za minada. Ubavuni mwa bastola paliandikwa hivi tu: "S. MFG. CO. ELIZABETH, N.J., U.S.A." Jina lenyewe halikuwapo. Ni herufi S, na mji wa Elizabeth, jimbo la New Jersey, kulikokuwa na kiwanda cha cherehani.

Bastola hizo, za aina ya M1911A1 nitakayoieleza hapo chini, zilikuwa 500 tu, kuanzia namba S800001 hadi S800500. Mwaka 1940, vita vikiwa vimeshawaka Ulaya, jeshi la Marekani liliipa Singer oda ndogo ya kujifunzia. Nia ilikuwa kuona kama kiwanda kisichotengeneza silaha kinaweza kuandaa michoro, mitambo na vipimo vya kutengeneza bastola nyingi haraka. Zilikabidhiwa mwaka 1941, na kazi ilitoka safi. Oda ya pili ya bastola haikuja, kwa sababu jeshi liliona mafundi wenye mikono ya namna hiyo wanafaa zaidi kutengeneza vyombo vya kulengea mizinga. Leo Singer iliyobaki katika hali yake ya awali hufika mnadani zaidi ya dola 100,000. Sasa chukua bastola ya umbo lile lile, risasi ile ile, yenye jina la kampuni nyingine, Remington Rand, ubavuni. Shirika la Civilian Marksmanship Program lilipoanza kuuza akiba ya jeshi kwa raia mwaka 2018, bei ilikuwa kati ya dola 850 na 1,050.

Mtu anayetazama hobi hii kwa mbali huona chuma kimoja chenye bei mia tofauti, akahitimisha kwamba matajiri wanachezea fedha. Sikubaliani. Mkusanyaji wa kweli hukusanya ushahidi: nani alitengeneza, lini, kwa oda ya nani, na nini kimeguswa tangu hapo. Bastola ni hati iliyoandikwa kwenye chuma. Mkanganyiko unazidi tukifika kwa zile fupi, kwa sababu bastola yoyote inaweza kukatwa, na yeyote mwenye msumeno anaweza kudai aliyeikata ni jeshi.

Tuanze na ile ndefu, mama yao. M1911 ni kazi ya John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden, jimbo la Utah. Jeshi la Marekani liliipitisha tarehe 29 Machi 1911, baada ya jaribio ambalo bastola moja ilifyatua risasi 6,000 kwa siku mbili. Ikipata moto kupita kiasi inatumbukizwa majini, inapoa, kazi inaendelea. Mtutu wake ni inchi 5, yaani milimita 127. Magazini inabeba risasi saba nene za kipimo cha .45, na bastola yenyewe ina uzito wa kama kilo 1.1. Katikati ya miaka ya 1920 ilirekebishwa kidogo hapa na pale, kifyatulio kikafupishwa, mgongo wa mpini ukapewa nundu, ikaitwa M1911A1. Askari waliendelea kuibeba mpaka Beretta ilipochaguliwa kuchukua nafasi yake mwaka 1985.

Vita Kuu ya Pili vilipopamba moto, Colt, kampuni iliyokuwa ikizitengeneza, peke yake hakuweza kuzitoa za kutosha. Kazi ikagawanywa. Remington Rand wa Syracuse, New York, walikuwa watu wa taipureta, na ndio waliokuja kutengeneza nyingi kuliko wote, zaidi ya 850,000. Ithaca walitoka kwenye bunduki za kuwindia. Union Switch & Signal wa Swissvale, pembeni mwa Pittsburgh, walikuwa watengenezaji wa mitambo ya ishara za reli; wao walitoa 55,000. Sharti la jeshi kwa wote lilikuwa moja: kipande cha huyu kiingie kwenye bastola ya yule bila kupigwa tupa.

Kwa askari aliye vitani hiyo ni neema kubwa. Kwa mkusanyaji ndipo fundo la kwanza linapofungwa. Vita vilipoisha, jeshi halikuagiza tena M1911A1 mpya. Kwa miaka arobaini lilitumia zilizokuwapo, na zilipochoka zilipelekwa kwenye karakana zake, kama Rock Island, Augusta na Anniston. Huko zilivunjwa vipandevipande, vipande vikatiwa kwenye mapipa, vikasafishwa na kupakwa upya fosfeti, ile rangi ya kijivu isiyong'aa. Kisha fundi akachukua fremu, ule mwili wa chini wenye mpini, kutoka pipa hili, mtutu kutoka pipa lile, akaunganisha. Hakuna aliyejali jina la ubavuni.

Mzee alinipa moja ya namna hiyo niishike, magazini ikiwa nje na chemba imekaguliwa mara mbili, yeye kisha mimi. Ni nzito, na ubaridi wake hauondoki upesi mkononi. Akaniambia niisome kabla hajasema neno. Silaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na kurudi bastola inapofyatuliwa, ilikuwa na jina la Union Switch & Signal. Lakini kwenye fremu, upande wa kushoto, zilikuwapo herufi ndogo FJA. Hizo ni za Frank J. Atwood, ofisa mkaguzi ambaye mhuri wake hupatikana kwenye bastola za Remington Rand na Ithaca. Union Switch wao walikaguliwa na Robert C. Downie, na fremu zao hubeba RCD. Silaidi na fremu hazikuzaliwa pamoja. Mtutu ulikuwa na herufi HS, maana yake ulitengenezwa na High Standard, waliouza mitutu kwa viwanda vingine. Rangi ya juu ilielekea kijivu, ya chini ilikuwa na ukijani kidogo ukiipeleka dirishani. Kisha, mahali ambapo singeangalia peke yangu, palikuwa na mhuri RIA. Rock Island.

"Hii ni feki?" nilimuuliza.

Alitikisa kichwa. Hiyo ilikuwa bastola halali ya jeshi, iliyochanganywa na jeshi lenyewe, na mhuri wa karakana ndio cheti chake. Feki ni pale mtu anaponunua fremu yenye RCD leo, akaifunga na silaidi ile, akaiuza kama Union Switch iliyotoka kiwandani hivyo tangu 1943. Wapo wanaoita jambo hilo kuirudisha bastola katika asili yake. Naliona ni kufuta historia. Ile RIA ilikuwa inaeleza maisha marefu ya chombo hicho, na anayeitenganisha fremu na silaidi yake ya miaka yote hiyo anatupa ukurasa wa kweli ili abandike wa kubuni.

Kuna kosa baya kuliko hilo: msasa. Bastola ya kwanza ambayo mzee alinunua ujanani, kwa muuzaji aliyeisifia kwa kung'aa kwake, ilikuwa imesuguliwa na kupakwa upya rangi ya buluu-nyeusi. Bado anayo, huitumia kufundishia. Kingo za herufi zimelainika kama sarafu iliyozunguka sokoni miaka mingi. Midomo ya matundu ya pini imebonyea. Chuma kilichoondoka hakirudi, na mikwaruzo ya askari imeondoka nacho. Kwa watu wa fani hii, bastola yenye rangi iliyochakaa kwa kubebwa kwenye mkoba wa ngozi ina thamani kuliko iliyopakwa ikameremeta, na mtu akishaelewa sababu haoni tena ajabu.

Ukivuka bahari kwenda Ujerumani, usomaji hubadilika kabisa. Mmarekani aliandika namba ya mfululizo kwenye fremu, na mara nyingi akaishia hapo. Mjerumani aliandika kila kiungo. Kwenye Luger, iliyobuniwa na Georg Luger na kupitishwa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908 kwa jina la P08, tarakimu mbili za mwisho za namba hurudiwa kwenye vipande vidogovidogo, hata kifyatulio. Kiwanda kilihesabu hadi 10,000 kila mwaka, kisha kikaanza tena na herufi a, halafu b. Kwa hiyo namba bila herufi na bila mwaka haitambulishi bastola moja. Inaweza kuwa na pacha kadhaa. Kipande kimoja chenye tarakimu tofauti huonekana mara moja, na bei huporomoka.

Na ni Ujerumani ambako urefu wa mtutu uligeuka kuwa jambo la kisheria. Kabla ya hapo kila urefu ulikuwa na mwenyewe: Luger ya askari wa miguu milimita 100, ya wanamaji 150, ya wapiga mizinga 200. Ujerumani iliposhindwa Vita Kuu ya Kwanza, masharti yaliyofuata Mkataba wa Versailles wa 1919 yakabana viwanda: bastola za kuuzwa zisiwe na mtutu wa milimita 100 au zaidi, wala risasi ya milimita 9. Viwanda vikatii kwa rula. Luger zikatoka na mitutu ya milimita 98. Mauser, wa mji wa Oberndorf, walikuwa na C96, ile bastola yenye mpini wa duara kama wa ufagio na magazini mbele ya kifyatulio. Mtutu wake wa kawaida ulikuwa milimita 140. Wakatoa wenye 99.

Hiyo fupi ndiyo iliyopata jina Bolo, kifupi cha Wabolsheviki, kwa kuwa Urusi ya Kisovyeti ilizinunua nyingi miaka ya 1920. Ukitazama Bolo kwa macho ya leo utadhani ilifupishwa ili ifichwe chini ya koti. Ni kweli hubebeka vizuri zaidi. Lakini milimita moja iliyokosekana kufika mia haikutokana na ushonaji wa makoti. Ni wino wa mkataba uliogeuka chuma.

Zipo pia zilizokatwa baadaye. C96 za zamani za vita zilichukuliwa, mitutu ikafupishwa hadi 99 na vilengeo vikabadilishwa, ili zitumike bila kuvunja masharti. Hizo si Bolo. Bolo halisi ilizaliwa fupi, na mara nyingi hata mpini wake ni mdogo. Iliyokatwa hubaki na mpini mkubwa na alama za maisha yake ya kwanza. Kwa mfano, jeshi la Ujerumani liliagiza C96 150,000 za milimita 9 mwaka 1916, na mipini yake ikachongwa tarakimu 9 kubwa iliyopakwa rangi nyekundu, askari asije akatia risasi ya 7.63 kwa bahati mbaya. Luger nazo zina alama ya wakati huo. Mwaka 1920 serikali ilidai silaha za kijeshi zilizobaki mikononi mwa raia zirudishwe, na zile zake yenyewe zikapigwa mhuri wa mwaka huo. Ndiyo maana unaikuta Luger yenye miaka miwili juu ya chemba, 1917 na 1920. Asiyejua hudhani mtu amekosea, kumbe ni jibu la serikali kwa swali "hii ni ya nani?"

Turudi sasa Marekani, kwa wafupi wa M1911, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Wapo watatu wanaofanana na hawana historia moja.

Wa kwanza ni Commander. Baada ya vita, jeshi lilitaka bastola nyepesi ya maofisa: risasi ya milimita 9, urefu wote usizidi inchi 7, uzito usizidi aunsi 25, ambazo ni kama gramu 700. Colt akaleta M1911 yenye mtutu wa inchi 4.25 na fremu ya aloi ya alumini. Jeshi likaitazama, likatazama na maghala yake yaliyojaa M1911A1, na halikuinunua. Colt akaipeleka madukani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo Commander ilibuniwa kwa ajili ya jeshi na haikuwahi kuwa bastola rasmi ya jeshi. Anayeiuza kama silaha ya kijeshi anauza ndoto ya Colt ya mwaka 1949.

Wa tatu, nimtangulize aondoke njiani, ni Officer's ACP ya 1985. Mtutu inchi 3.5, mpini umekatwa, risasi sita. Ina neno "ofisa" kwenye jina, lakini ni bidhaa ya raia tangu siku ya kwanza. Ni bastola nzuri, ila hapa haihusiki.

Wa pili ndiye ninayempenda, na anahitaji nafasi. Kwa miongo mingi jeshi la Marekani lilikuwa na desturi ya kumpa jenerali bastola ndogo ya mfukoni: Colt ya mwaka 1903 yenye risasi ya .32, au ndugu yake ya 1908 yenye .380. Bapa, laini, nyundo imefichwa ndani isinase nguo. Eisenhower alipewa, Bradley alipewa, Patton pia. Lakini Colt aliacha kuzitengeneza miaka ya 1940, na majenerali hawakuacha kupandishwa vyeo. Ilipofika miaka ya 1970 akiba ilikuwa inakwisha.

Jeshi halikwenda dukani kununua Commander. Lilikwenda kwenye mapipa yake lenyewe. Mafundi wa Rock Island walichukua silaidi na mitutu ya M1911A1, wakaikata, wakaifanyia hesabu upya za springi, wakaimaliza kwa rangi ya buluu iliyokolea badala ya kijivu cha fosfeti, na mwaka 1972 ikaingia kazini kama M15. Mtutu inchi 4.25, sawasawa na Commander, ndiyo maana watu huzichanganya. Lakini hii ni chuma kitupu, fremu kamili ya vita, risasi ya .45. Silaidi inaeleza kwamba ni bastola ya jenerali kutoka Rock Island, namba zake hutanguliwa na herufi GO (General Officer, yaani jenerali), na kwenye ubao wa mpini kumepachikwa kibati cha shaba cha kuchonga jina la mwenyewe. Zilitengenezwa elfu moja na chache tu. Jenerali akistaafu aliruhusiwa kuinunua yake.

Ninachokipenda ni kwamba ndani ya bastola ya jenerali kuna vipande ambavyo yawezekana viliwahi kuwa kiunoni mwa askari asiye na cheo. Kwa kawaida ya fani hii, kukata bastola ya vita ni kuiharibu. Hapa msumeno ulishikwa na jeshi, kwa amri, kwa michoro, na namba mpya ikaandikwa daftarini. Ukataji huo ndio uliozaa kitu adimu.

Kwa hiyo ukikutana na bastola fupi ya kijeshi, maswali hayaanzi na urefu. Yanaanza na mhuri, namba, na karatasi: hati ya kukabidhiwa, barua ya kustaafu, picha, chochote kinachoitaja namba hiyo na mtu huyo. Bila karatasi, kibati chenye jina la jenerali hakithibitishi chochote. Kuchonga herufi kwenye shaba ni kazi ya dakika chache.

Sheria nazo ni sehemu ya usomaji, na hazifanani. Marekani ina leseni maalumu ya mkusanyaji kwa silaha zilizotimiza miaka 50 zikiwa katika hali yake ya awali, na hiyo ni sababu nyingine ya kutogusa kitu kwa tupa. Uingereza ilipiga marufuku bastola kwa raia mwaka 1997 kufuatia mauaji ya watoto wa shule ya Dunblane mwaka uliotangulia. Hata hivyo ikaacha mlango mwembamba: kwa idhini, bastola za kihistoria zilizotengenezwa kabla ya 1919 zenye risasi zisizopatikana kirahisi zinaweza kukaa nyumbani, na nyingine zenye umuhimu wa kihistoria zihifadhiwe kwenye maeneo yaliyoteuliwa. Kwa Mswahili anayeishi huko na kuvutiwa na haya, kibali kinatangulia kila kitu, hata safari ya kwenda kuangalia. Na mwenye kukusanya ana wajibu ambao thamani haiufuti: kasha la chuma, funguo kwa mtu mmoja, risasi mbali na bastola.

Mwaka jana nilifuatana na mzee kwenye maonyesho ya silaha. Kwenye meza moja kulikuwa na bastola fupi ya .45, nyeusi, yenye kibati cha shaba kwenye mpini, na karatasi iliyosema ni ya jenerali. Bei ilikuwa ya jenerali pia. Mzee aliomba ruhusa, akaifungua kuhakikisha ni tupu, akavaa miwani, akaigeuza. Hakutazama kibati hata kidogo. Alipeleka kidole kwenye namba upande wa kulia wa fremu, akanionyesha: tarakimu saba, hakuna GO mbele. Upande wa pili, FJA. Kisha akainamisha silaidi kuelekea taa, nikaona kwa macho yangu mwenyewe: jina la Remington Rand lilikuwa bado lipo, limefifia chini ya rangi mpya, kingo za herufi zimelika. Akamwuliza muuzaji kwa upole kama ana hati yoyote kutoka Rock Island. Muuzaji akasema aliinunua hivyo hivyo. Mzee akashukuru, akairudisha mezani mdomo ukiwa umeelekea ukutani, tukaenda meza inayofuata.